Sifa Iliyoponza Nembo

Msomaji wangu, shule ninayofundisha iko karibu na Timau, penye mashamba ya ngano na viazi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko nilijifunza kwamba sifa isiyo ya kweli yaweza kudhuru kuliko tusi.

Mwaka mmoja kamati ya wazazi ilinituma nisimamie kazi ya nembo ya kutariziwa katika sweta za wanafunzi. Kijana mchoraji aliniletea michoro mitatu. Wa kwanza ulikuwa na mlima, masuke ya ngano, kitabu, taa na jogoo, vyote vimesongamana ndani ya ngao moja. Wa pili ulikuwa na mlima na suke moja. Wa tatu ulikuwa na taa peke yake.

Moyo wangu uliuchagua wa pili. Lakini nilimwona kijana akiutazama ule wa kwanza kwa mapenzi, nikaona haya kumvunja moyo. Akaniuliza, "Mwalimu, hakuna cha kupunguza?" Nikajibu, "Hakuna. Kazi ni njema sana."

Sweta zilipokuja, nembo ilikuwa na upana wa vidole vitatu tu. Nyuzi zilikuwa zimevuruga kila kitu. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliniuliza kwa adabu kama yule alikuwa kuku aliyekalia mkate.

Wazazi walikasirika, na haki yao. Wengine walikuwa wameuza viazi ili walipe. Mkutanoni lawama zote zilimwangukia mchoraji. Hakujitetea. Aliniangalia mara moja tu, kisha akainama. Mtazamo ule ulinichoma. Nikasimama nikasema, "Kijana huyu aliniuliza, nami nikamficha niliyoyaona. Kosa ni langu." Sikupigiwa makofi, wala sikuyastahili.

Baadaye tuliketi pamoja tukaanza upya. Nilimkumbusha bendera ya Kenya, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, na katikati mna ngao na mikuki. Vitu ni vichache, kila kimoja kina kazi, na hata kwa mbali hutambulikana. Nikamweleza waziwazi kipi kinapotea kikifanywa kidogo, na kwa nini. Hakuvunjika moyo, alichukua penseli.

Nami nilipata zamu yangu ya kusahihishwa. Nilitaka aufunike mlima wote kwa theluji. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, barafu ya mlima imepungua sana tangu siku za babu zetu. Tusiwachoree watoto uwongo." Nikanyamaza, na safari hii kunyamaza kulikuwa kwa haki.

Msomaji wangu, mtu akikuonyesha kazi yake, uliza kwanza ni ya nini na itatazamwa na nani. Kisha sema ulichokiona, ukitaja mahali na sababu, na uiseme kazi, usimseme mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nembo mpya ina mlima na suke moja. Lakini sweta za kwanza hazikutupwa, kwa kuwa zilinunuliwa kwa jasho. Kila asubuhi gwarideni naziona chache zilizobaki, na kila nionapo kuku juu ya mkate, naukumbuka ulimi wangu.