Kuhama Mchana

Nilipokuwa nauza mitumba Tandika, mchana ndio uliokuwa riziki yangu. Nilisimama juani kichwa wazi, nikiita wateja mpaka sauti inakauka. Nilipojifungua mtoto wa pili, nikaanza kuamka vidole vimekaza, hata pakiti ya chumvi siwezi kuifungua. Zahanati niliyokwenda walinitibu malaria, kisha taifodi. Nywele zikapukutika, wekundu ukatanda shavu hadi shavu kupitia juu ya pua. Mtaani wakanong'ona UKIMWI. Nilipima, sikuwa nao, na bado walinong'ona.

Aliyenifungua macho ni daktari wa Muhimbili. "Mama, ukishinda juani, kesho yake unaamkaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Baada ya vipimo vya damu na mkojo akaniambia ni lupasi: kinga ya mwili imegeuka inaushambulia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 10, tisa hivi ni wanawake, wengi wakiwa bado kwenye umri wa kuzaa. Jua likiunguza ngozi, seli zake hufa na vilivyomo ndani humwagika. Kinga ikiviona hudhani ni adui. Vurugu inayoanzia shavuni yaweza kuishia kwenye figo.

Akaniandikia haidroksiklorokwini. Mama yangu aliposikia jina akashtuka: "Si ile ya malaria?" Ni ndugu yake kweli, ile klorokwini chungu iliyotuwasha mwili mzima utotoni, kabla Tanzania haijaiacha kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001. Nikapewa na prednisoloni, iliyonijaza uso. Majirani wakanipongeza, "Mama Zuwena umenawiri!" Iliniuma, kwa sababu usiku wake sikuwa nimelala kwa maumivu ya magoti.

Tandika nikaiacha. Sasa nauza chapati na maharage Mbagala, jua likishazama. Siku ambayo vidole vinagoma, Zuwena anakanda unga, mimi nasukuma. Nikishindwa na kusukuma, hatuuzi. Nguo nafua alfajiri. Kiangazi natembea na mwavuli, na makonda wameshachoka kuniuliza mvua iko wapi. Shughuli za mchana natuma mchango wangu, za usiku naenda na kucheza.

Mwaka 2020, corona ilipoingia, dunia nzima ikaikimbilia dawa yetu, haidroksiklorokwini. Kariakoo ikaadimika, bei ikapaa, nikawa nameza siku moja, naruka nyingine, na vidole vikaanza tena kukaza. Juni mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilisitisha kuijaribu kwa wagonjwa wa corona waliolazwa, kwa kuwa haikupunguza vifo. Sisi tulioihitaji tulikuwa tumeshaumia.

Tangu hapo, mauzo ya Jumamosi hayaguswi mpaka nimenunua vidonge vya mwezi unaofuata. Kila mwaka napimwa macho, maana dawa hii ikitumika miaka mingi yaweza kudhuru retina. Mwaka huu daktari amesema yako salama, niendelee na dozi ileile.