Kopo la Unga la Kwaresima

Kila ifikapo Jumatano ya Majivu, hapa Liège nilipohamia miaka tisa iliyopita, wenzangu wa kazini, hata wale wasiokanyaga kanisani ila kwa harusi na maziko, huulizana ni kitu gani kila mmoja ameazimia kukiacha kwa siku arobaini. Na jawabu aghalabu huwa ni chokoleti, au bia, au sigara, au kuitazama simu kitandani. Siyabezi maazimio hayo, kwa kuwa nafsi isiyozoea kukatazwa dogo haitakubali kukatazwa kubwa, na tangu Papa Paulo wa Sita alipotoa hati yake ya Paenitemini mwaka 1966, akaibakiza saumu ya faradhi katika Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, muumini ameachiwa hiari pana ya kuichagua toba yake. Lakini Pasaka ikifika, nikiwauliza ile bei ya chokoleti isiyoliwa imekwenda wapi, hunieleza kwamba wamepungua kilo mbili na usingizi umetengemaa.

Kwetu Lubumbashi, Kwaresima huangukia majira ya mvua, wakati mahindi yangali mabichi mashambani, akiba ya mwaka uliopita imekwisha na unga utokao Zambia umepanda bei, hata nyumba nyingi zikawa zinasonga bukari, yaani ugali, mara moja tu kwa siku. Basi mtu alaye mara moja aache nini?

Mama yangu, pale Katuba, alilijibu swali hilo bila ya kulitamka. Jioni, maji yalipochemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kabla hajatia unga sufuriani alichota konzi moja, akaimimina katika kopo kuukuu la maziwa lililopinda ukingo, akalifunika kwa kisahani. Nasi watoto, tulioona wazi kwamba bukari imepungua kwa kadiri ya konzi ile, tulinyamaza. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, kopo lilipelekwa kwenye shirika, ndivyo tuitavyo jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, unga wake ukachanganywa na wa wengine, akapewa mgonjwa au mjane. Mwaka mmoja mjane huyo alikuwa jirani ambaye mama hakuwa akisalimiana naye kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa ua. Mama alijitwika unga ule mwenyewe, akabisha hodi, na alikaa huko hadi usiku kuingia. Siku hiyo nilifahamu kwamba hata asiye na kitu anacho cha kuacha, nacho ni kinyongo chake.

Nisingependa msomaji adhani kwamba Ulaya haijapata kuyajua haya. Entraide et Fraternité, shirika la Kanisa Katoliki la Ubelgiji linalokusanya sadaka za Kwaresima, lilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya njaa iliyokuwa imewasibu watu wa Kasai, huko kwetu Kongo. Yaani kile walichojinyima Wabelgiji kilivuka bahari hadi kwenye sahani za ndugu zetu. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuifungamanisha saumu na mkate wa mwenye njaa, wala sioni ni kwa idhini ya nani sisi wa leo tumevitenganisha.

Hakika kujinyima kusikomfikia mwingine ni akiba tu, na akiba si toba. Mwaka huu nami nimeweka kopo jikoni, na kila jioni natia bei ya bia nisiyoinywa. Nusu itakwenda Katuba, na nusu kwa bibi mzee wa ghorofa ya chini, ambaye hapokei mgeni. Nawe ndugu yangu, ukiwa Liège au Lubumbashi, kabla hujachagua cha kuacha, mchague kwanza utakayempelekea.