Saa ya Mama Ina Thamani Gani?



Jamaa zetu wengi wa Mwambao waliohamia bara kwa ajili ya kazi hawaishi Nairobi kwenyewe. Tunaishi Syokimau, Mlolongo au Athi River, ndani ya Kaunti ya Machakos, na kila alfajiri tunaingia Nairobi kutafuta riziki. Anayetoka Machakos mjini ana safari ya kilomita zipatazo 60, kwenda tu.

Mimi naondokea Syokimau, na njia zangu ni tatu. Ya kwanza ni matatu ipitayo chini, Barabara ya Mombasa. Nauli yake ni ndogo, lakini ikishikwa na foleni hakuna ajuaye saa ya kufika. Ya pili ni matatu ipandayo barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Nauli huzidi, lakini foleni huachwa chini. Ya tatu ni gari la moshi, tangu stesheni ya Syokimau ilipofunguliwa mwaka 2012. Treni haigombani na malori, ila haimngoji mtu, na asubuhi hujaa hata mwanamke akatafuta pembe ya kusimama kwa stara asiipate.

Wataalamu wa usafiri huipa saa ya safari bei, na mara nyingi huipima kwa mshahara wa msafiri. Kipimo hicho kimeingia majumbani mwetu bila ya kualikwa. Baba akichelewa kazini hukatwa mshahara, basi hupewa nauli ya njia ya haraka. Mama arudipo jioni huambiwa apande ya bei nafuu, kwa kuwa anakwenda nyumbani tu. Nyumbani tu! Huko Magharibi yaingia karibu na saa kumi na mbili na nusu, mtoto angoja kusikilizwa somo lake la chuoni, na chungu hakijatelekwa. Saa hiyo haina mshahara, lakini ikipotea hakuna wa kuilipa.

Jambo hili mimi na mwenzangu tulilikalia kwa karatasi na kalamu. Kwa wiki mbili tuliandika nauli, saa niliyotoka kazini na saa niliyobisha hodi. Matatu ya chini siku moja ilinifikisha kwa dakika 50, siku ya pili kwa saa mbili. Treni haikutofautiana sana siku hadi siku. Mwenzangu akaitazama karatasi, akasema, "Mama watoto, kinachotuumiza si urefu wa safari, ni kutojua utafika lini."

Wataalamu nao wanalijua hilo: dakika ya kungoja kituoni humwelemea mtu kuliko dakika ya mwendo, na safari isiyotabirika humla muda hata kabla hajaondoka.

Sasa jioni narudi kwa treni. Ikinipita, napanda ya juu, na nauli yake imetengwa mapema pamoja na pesa za maziwa, wala haiombwi. Matatu ya chini tumeiachia Jumamosi, siku isiyo na haraka.

Nawanasihi dada zangu nanyi muandike, kisha mkae na waume zenu muisome karatasi pamoja. Suratul-Asr, waihifadhiyo watoto wetu mapema, imebeba jina la wakati, na wakati huo si wa wenye mshahara peke yao.

Wabillahi tawfiq.