Kupenda Mafumbo na Kutunza Siri



Wapenzi wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tumeona tuandike juu ya jambo ambalo wazazi kadhaa wametuuliza, nalo ni vijana wanaopenda maandishi ya siri. Wako vijana wanaokaa saa nyingi na daftari au simu wakitunga mafumbo ya herufi na tarakimu. Huyatuma kwa wenzao, na baadhi ya wenzao hao wako nchi za mbali na hawajaonana nao hata siku moja, kisha husubiri nani atayafumbua. Mzazi akichungulia haoni maneno, anaona alama tu. Moyo unamwenda mbio: mtoto wangu anaficha nini?

Tutaeleza tunavyolifahamu jambo hili. Lakini kwanza inatubidi tukiri kosa letu wenyewe, kwa sababu mengi tunayoyajua tuliyapata kwa njia ya kosa hilo.

Sisi tunafundisha madrasa hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Waislamu huku ni wachache. Sokoni Kashikishi lugha ni Kibemba, na Kiswahili tunakizungumza na familia zilizotoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na wafanyabiashara waliotoka Tanzania. Ndicho tunachofundishia. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Nyavu zinawekwa ndani, na vijana wanakosa shughuli. Basi madrasa hujaa, na michezo nayo huzidi.

Msimu mmoja wa namna hiyo, yapata miaka kumi iliyopita, wanafunzi wetu watano walianza kusemezana kinyume. Mchezo huu Waswahili wanaujua tangu zamani: unachukua silabi ya mwisho ya neno unaitanguliza mbele, samaki anakuwa kisama, na kitabu kinakuwa bukita. Sisi wenyewe tuliucheza utotoni, kwa hiyo tulicheka tu. Lakini kinyume kila mtu anakijua, na wao walitaka kitu ambacho hakuna atakayekijua. Mmoja wao alikuwa akitumia simu ya mjomba wake, na humo alikuwa amejifunza habari za watu wanaotunga maandishi ya siri na kushindana kuyafungua. Haukupita muda wakaacha herufi wakaanza kuandika kwa alama: duara, msalaba, samaki, mtumbwi.

Siku moja karatasi ilianguka kutoka katika Juzuu Amma ya mmoja wao. Tuliiokota tusiweze kusoma hata neno. Tuseme kweli, tuliingiwa na hofu. Hapa tuko mpakani, na magendo yapo. Tulijiambia kwamba mwalimu ana haki ya kujua. Basi usiku ule tukakaa na taa.

Tukaona kwamba mstari wa juu wa karatasi ulikuwa na alama kumi. Alama ya pili, ya tano na ya kumi zilikuwa sawa, na ya sita na ya saba zilikuwa sawa pia. Tuliikodolea macho muda mrefu, halafu tukacheka peke yetu. Sisi ndio tuliowafundisha kuwa kila jambo jema huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Maneno yalikuwa ni "Bismillahi", na kutoka hapo tulipata herufi saba kwa mara moja. Kisha tukahesabu alama zinazojirudia, kwa sababu katika Kiswahili herufi a ndiyo inayoonekana zaidi kuliko zote. Kabla ya adhana ya alfajiri karatasi yote ilikuwa wazi. Ilihusu maembe ya jirani, na namna mwalimu anavyokohoa.

Hapo tungeishia, tungekuwa salama. Lakini furaha ya kufumbua fumbo ni kubwa, nayo ina kiburi ndani yake. Asubuhi tuliwaamuru watoe karatasi zote. Tukachukua moja ambayo hatujaisoma, tukaenda ubaoni kuwaonyesha wanafunzi wote kwamba hakuna siri mbele ya mwalimu. Tulikuwa tukiandika herufi moja moja kwa chaki, na watoto, kama walivyozoea, wakawa wanasoma kwa sauti kila neno linapokamilika. Wakasoma: baba hajaleta habari tangu Ramadhani. Wakasoma: mama anatuambia yuko kazini, lakini usiku analia.

Mkono wetu ulisimama, lakini darasa zima lilikuwa limekwisha kusoma. Yule mtoto aliinuka, akachukua viatu vyake mlangoni, akaondoka. Hakurudi kwa wiki tatu.

Tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake alitukaribisha kwa heshima, akatupa kiti, kisha akasema: "Mwalimu, sikukasirika kwa kuwa watu wamejua. Wangejua tu. Mtoto alimchagua mwenzake mmoja wa kumwambia, na wewe ukamwambia kila mtu." Hatukuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, tumefundisha Suratul Hujurat miaka mingi, na humo Waislamu wamekatazwa kupelelezana. Tulikuwa tukiifundisha kana kwamba inawahusu majirani wanaochungulia dirishani. Vilevile tulikuwa tukisimulia habari ya Anas bin Malik (r.a.), alipokuwa mtoto akimtumikia Mtume (s.a.w.). Siku moja alitumwa, akachelewa kurudi nyumbani, na mama yake alipomuuliza alitumwa nini akajibu kwamba hiyo ni siri ya Mtume. Mama hakumlazimisha. Alimwambia asimpe mtu yeyote siri hiyo. Tulikuwa tukiitumia hadithi hii kumsifu mtoto, na hatukutazama vizuri alichokifanya mama.

Basi tuliomba radhi. Kwanza tulimwomba mtoto peke yake, kisha mbele ya darasa lilelile, kwa kuwa kosa lilifanyika hadharani. Mtoto alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Ustadhi, uliifunguaje?" Tukamwambia kuwa bismillah yao ndiyo iliyowasaliti. Akacheka, na wenzake wakacheka. Kisha akasema: "Basi tufundishe, tutunge nyingine usiyoiweza." Ndivyo lilivyoanza somo letu la Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri.

Katika somo hilo tuliwaambia kwamba hila tuliyoitumia si yetu. Inasimuliwa kwamba al-Khalil bin Ahmad, yule bingwa wa lugha wa Basra aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, aliletewa barua ya siri iliyoandikwa kwa Kiyunani. Akakisia kwamba lazima inaanza kwa kutaja jina la Mungu, na kwa kisio hilo akaifungua. Karne iliyofuata, Yakub bin Ishaq al-Kindi, aliyezaliwa Kufa karibu mwaka 801 na kufanya kazi Baghdad, aliandika risala juu ya kufumbua mu'amma. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya kitu kilichopofushwa kisionekane. Humo alieleza kwamba kila lugha ina herufi zake zinazojirudia zaidi, na anayezihesabu ataweza kufungua maandishi ambayo hana ufunguo wake. Hiyo ndiyo risala ya zamani kuliko zote inayojulikana kueleza njia hiyo. Nakala yake ilipatikana Istanbul, ikachapishwa miaka ya 1980. Kuhesabu herufi wanazuoni walikuwa wamekuzoea, kwa sababu walihesabu herufi za Qur'ani kwa mapenzi na kwa kuilinda.

Halafu tukawasimulia habari ya nchi yetu hii hii. Wakati wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, makao makuu ya chama cha ANC yalikuwa Lusaka. Viongozi wake walihitaji kuzungumza na wenzao waliojificha ndani ya Afrika Kusini bila polisi kujua. Aliyewatengenezea njia hakuwa mtaalamu aliyesomea mambo ya siri. Alikuwa Tim Jenkin, kijana aliyefungwa mwaka 1978, akatoroka gereza la Pretoria Desemba 1979 kwa funguo za mbao alizozichonga kwa siri. Akiwa uhamishoni London, alitunga programu ya kompyuta ya kufunga maneno kwa namba ambazo kila moja ilitumika mara moja tu ikafutwa. Ujumbe uliofungwa ulibadilishwa kuwa sauti, ukarekodiwa katika kanda ya kaseti, kisha ukachezwa kwenye simu ya barabarani kwenda London, na kutoka huko ukapelekwa Lusaka. Kazi hiyo ilianza mwaka 1988, na kwa njia hiyo Nelson Mandela, akiwa bado kifungoni, aliweza kupashana habari na Oliver Tambo aliyekuwa Lusaka. Mwaka 1990 polisi walipowakamata baadhi yao, hawakuwa wamevunja hesabu zile. Walikuta nyaraka ambazo wenyewe walikuwa wameziacha wazi bila kuzifunga.

Watoto waliipenda sana habari ya funguo za mbao. Lakini sisi tulitaka waone kwamba kuna watu ambao kwao kufunga maneno kulikuwa ni kulinda roho za wenzao.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Vijana hawa wanatafuta nini? Kwa tulivyowaona, wengi hawafichi kitu. Kwanza, wanapenda utamu wa fumbo lenyewe. Waswahili wana msemo, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na kila kijana anataka awe yule mwerevu. Pili, wanapenda kuwa pamoja. Mwaka 2023 watu watatu walitangaza kwamba wamefungua barua zaidi ya 50 za Mary, Malkia wa Scotland, alizoziandika akiwa kifungoni Uingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita, zikalala Paris bila mtu kujua ni za nani. Mmoja wao ni mtaalamu wa kompyuta, wa pili ni mpiga piano na mwalimu wa muziki Ujerumani, na wa tatu ni mwanafizikia wa Japani.  Kilichowakutanisha ni kupenda mafumbo.

Tatu, wana adabu yao ambayo ilitushangaza. Mtu akitunga fumbo, yeye mwenyewe huwaomba wenzake walivunje. Wakilivunja anashukuru, kwa sababu ameonyeshwa kasoro yake. Mholanzi mmoja, Auguste Kerckhoffs, aliandika mwaka 1883 kwamba njia nzuri ya kufunga maneno ni ile ambayo hata adui akiijua yote bado hatafika popote bila ufunguo. Kwa hiyo kati yao anayesema "njia yangu ni siri, msiiulize" hapati heshima. Sisi tuliona jambo hili linafanana na kusoma Qur'ani mbele ya sheikh. Unasoma ili akusahihishe, na anayeogopa kusahihishwa hajifunzi.

Nne, wapo wanaofanya kwa ajili ya kulinda watu. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa bure programu ya kufunga barua ili watu wa kawaida nao waitumie. Serikali yake ilimchunguza miaka mitatu, ikaacha mwanzoni mwa 1996. Leo mama aliyeko Kashikishi akimtumia ndugu yake ujumbe wa WhatsApp, maneno yake yamefungwa njia nzima, na imekuwa hivyo tangu 2016. Hajui hesabu zake, lakini ananufaika na kazi ya watu wa namna hii.

Hata hivyo hatusemi kila kilichofungwa ni chema. Tapeli naye hufunga maneno yake. Mtu asiyejulikana akimwambia mtoto "hili usimwambie mama yako", au akimwomba picha, fedha au namba ya siri ya simu ya mzazi, hilo si fumbo tena, na mzazi lazima aingilie. Kwa hiyo tunawashauri hivi. Muulize mtoto anacheza na nani, na mwambie akufundishe mchezo wake. Atafurahi, kwa sababu wapenda mafumbo hakuna wanachokipenda kama kueleza. Mkiogopa jambo, mwambieni afungue mwenyewe mbele yenu. Msifungue usiku kwa taa kama tulivyofanya sisi. Na ikitokea mmeona kilicho cha mtu mwingine, basi kifunikeni.

Nanyi wanafunzi, furahieni fundo, ni halali yenu. Lakini yaliyomo ndani ya fundo ni amana ya mwenyewe. Kuweza kufungua hakukupi ruhusa ya kusoma, na kusoma hakukupi ruhusa ya kusema.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Kabla ya kuandika haya tulimwomba ruhusa, naye akatukubalia, kwa sharti moja: tusiseme habari za baba yake ziliishia wapi. Hatutasema.

Tunamuomba Allah atusitiri na atujaalie kuwasitiri wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.