Tulimsikia, Hatukumwona

Alhamdulillahi, likizo iliyopita tulipanda na ustadhi wetu hadi Tegetero, kumtafuta tiva wa Uluguru, ndege asiyepatikana popote duniani ila milima hii. Ana kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha manjano na mdomo mnene, na hukaa juu kabisa mitini.

Mzee mwenyeji wetu aliutambua mlio wake. Mara kitu cha manjano kikapita majanini. "Ndiye!" tukasema.

"Kichwa mmekiona?" akauliza mzee. "Wako wengine wenye kifua cha manjano."

Tukanyamaza. Tungeweza kuandika humu kwamba tumemwona, nani angetupinga? Lakini ushahidi ni amana. Basi ndugu zetu, tumemsikia tu. Tuutunze msitu wake, inshallah wadogo zetu watamwona.