Mwigizaji na Sauti ya Kuazima

Nomino 'mwigizaji' imetokana na kitenzi 'iga', na kwa sababu hiyo hubeba dhana ya kufuatisha: kipo kitu halisi mahali fulani, na yupo mtu anayekifuata kwa karibu kadiri awezavyo. Watazamaji wa kawaida wa sinema hawalijali sana neno hilo. Kwao mtu 'hucheza' picha, na akifaulu husemwa kwamba amecheza, basi. Tofauti hii si ya msamiati tu. Anayeigiza hupimwa kwa kile anachokifuatisha. Anayecheza hupimwa kwa mwili wake, yaani namna anavyosimama, anavyoshika kikombe, anavyomsikiliza mwenziwe anaponena. Mhakiki wa fasihi aliyezoea tamthilia iliyochapwa huelekea kuusahau upande huu wa pili, kwani kitabuni mhusika hana mwili mwingine ila maneno yake. Ndiyo maana akiulizwa ni uigizaji gani wa filamu uliomvutia zaidi, aghalabu hutaja hotuba.

Mfano mmoja uko karibu. Lupita Nyong'o alipotunukiwa Oscar mnamo Machi 2014 kwa kumcheza Patsey katika 12 Years a Slave (2013), filamu iliyoongozwa na Steve McQueen, tukio lililotajwa sana lilikuwa lile la sabuni: Patsey amekwenda shamba la jirani kutafuta kipande cha sabuni, bwana wake anamtuhumu, naye anajitetea kwa kilio kwamba alitaka kuwa safi tu. Tukio hilo lina uzito wake na hakuna haja ya kulibeza. Hata hivyo, katika filamu hiyo hiyo yumo Patsey mwingine, aketiye shambani akitengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi, vidole vikicheza mchezo wa kitoto ilhali macho ni ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na dunia. Na karibu na mwisho, Solomon anapochukuliwa kwa gari la farasi, Patsey anabaki nyuma katika ukungu wa lenzi, akaanguka pale ambapo kamera haimwangalii sawasawa. Anguko lile ni la mwigizaji asiyedai kuonekana. Kilio cha sabuni chaweza kufundishwa chuoni. Anguko lile ni vigumu.

Takashi Shimura naye ni shahidi mwema. Katika Ikiru (1952), iliyoongozwa na Akira Kurosawa, anacheza nafasi ya Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi ya manispaa anayegundua kwamba ana saratani ya tumbo. Mgongo umepinda, sauti inakwama kooni, macho yametanuka kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Shimura alizaliwa 1905, kwa hiyo uzee huo wote ulikuwa kazi na wala si umri. Miaka miwili baadaye, katika Seven Samurai (1954), mtu yule yule ni Kambei, jemadari mtulivu anayekipapasa kichwa chake kilichonyolewa kila anapofikiri. Katika Ikiru Watanabe anauimba wimbo mmoja mara mbili: kwanza katika klabu ya usiku, ambapo wanaostarehe wanapatwa na baridi ya moyo na kunyamaza, kisha juu ya pembea, theluji ikianguka, katika bustani ya watoto aliyoipigania mpaka ikajengwa. Maneno ni yale yale. Mara ya kwanza anayeimba ni mtu aliyepotea, mara ya pili ni mtu aliyefika.

Lakini Nyong'o na Shimura walikuwa na sauti zao wenyewe. Hoja inakuwa ngumu zaidi kwa Mbissine Thérèse Diop, na pengine ni kwake ndiko nadharia ya uigizaji inakojaribiwa kwa haki.

Ousmane Sembène alitoa La Noire de... mwaka 1966, akiitoa katika hadithi yake fupi iliyomo katika Voltaïque (1962). Jina lenyewe linakatikia njiani: mwanamke mweusi wa... wa nani, au wa wapi, halisemi. Diouana, msichana wa Dakar, ameajiriwa na familia ya Kifaransa kuwa yaya. Anapowafuata Antibes anakuta watoto hawapo, na kazi imegeuka kuwa ya kupika, kufua na kusugua. Ufaransa aliyoiota inakuwa jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Mwisho anajiua katika bafu hilo. Wale watazamaji wa kwetu wanaoamini kwamba stelingi hafi hawana pa kushika hapa.

Diop hakuwa na jina katika sinema kabla ya hapo. Jinsi anavyocheza huonekana kwanza miguuni. Diouana anafanya usafi akiwa amevaa gauni la madoadoa, herini na viatu vya visigino virefu, kana kwamba angali njiani kuelekea mahali pengine. Bibi anamfungia aproni. Baadaye anamwamuru avue viatu, akimkumbusha kwamba yeye ni mtumishi. Anavivua bila kubisha. Mwigizaji mwingine angetia hapo chozi au jicho la hasira. Diop hatii kitu. Ila tangu hapo mwendo wake umekuwa mwingine, na mtazamaji anayekumbuka alivyokuwa akirukaruka huko Dakar, hata akathubutu kucheza juu ya mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, anapata hesabu kamili ya kilichopotea bila ya kuhesabiwa.

Sasa, sauti inayosikika tunapoelezwa mawazo ya Diouana si ya Diop. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji kutoka Haiti, mmoja wa walioanzisha kundi la tamthilia la Les Griots jijini Paris mwaka 1956. Msomi anayelijua jambo hili kwa mara ya kwanza huhisi kama ameibiwa. Yawezekana kumtuliza kwa kusema kwamba kutia sauti baada ya kupiga picha lilikuwa jambo la kawaida katika sinema nyingi za wakati ule, za Italia zikiwamo. Jibu hilo ni kweli, na halitoshi.

Halitoshi kwa sababu ya tukio la barua. Diouana hajui kusoma wala kuandika. Barua inapoletwa kutoka kwa mama yake, Bwana anamsomea, kisha, kwa wema wake wote, anachukua kalamu na kuanza kumjibia, akitunga habari za binti ambaye hakuulizwa lolote. Diouana anaichukua ile barua na kuichana. Hili ndilo jambo ambalo filamu inalishutumu kwa ukali: kumsemea mtu aliye mbele yako. Na ndilo ambalo filamu yenyewe imemtendea Diop. Sembène, anayeonekana humo mwenyewe akiwa mwalimu, hakuweza kuikwepa kalamu ya Bwana. Aliishika kwa nia njema zaidi. Wanaomwenzi Sembène, nao ni wengi na wana sababu, hawapendi kuambiwa hivi.

Hapo ndipo ukubwa wa Diop unapodhihirika. Sauti ya kuazima, ijapokuwa nzuri, husema mno; humweleza mtazamaji lile ambalo mgongo ulioinama ulikwisha kulisema. Wakati mwingine sauti inanung'unika huku uso umetulia tuli, na mtazamaji analazimika kuchagua amwamini nani. Wapo wahakiki wanaoufananisha uso huo na kinyago alichowapa waajiri wake, wakakitundika ukutani. Ulinganisho huo unavutia lakini una kasoro: kinyago hakichoki. Uso wa Diop unachoka, siku kwa siku, hadi anapokiondoa kinyago ukutani na kukipigania na Bibi, kila mmoja akivuta kwake. Mikono iliyoichana barua na mikono iliyokishika kinyago haikuazimwa kwa mtu.

Filamu hii, isiyozidi saa moja na ushei, ni rahisi kuonyeshwa katika kipindi kimoja cha semina. Inafaa ionyeshwe mara mbili: kwanza yote, kisha yale matukio ya Antibes peke yake, sauti ikiwa imezimwa. Bwana atafungua kinywa na kukifunga, Bibi vivyo hivyo, na haitajulikana wanataka nini. Msichana aliyeinamia sakafu ataendelea kueleweka.