Usiisugue kofia ya vita

Kuna watu wanaokusanya stempu na wengine sarafu. Mimi nilijaliwa ugonjwa wa kukusanya kofia za chuma za wanajeshi wa zamani. Marafiki hunicheka, kwani ninazozipenda zaidi ni zile chafu: zenye kutu, vumbi, na jasho lililokaukia ndani ya bitana.

Kwangu mimi, uchafu huo ni ushahidi. Kutu ya miaka mingi huwa ya hudhurungi iliyokolea na hushikana na chuma. Kutu ya juzi ni ya rangi ya machungwa na hubaki kidoleni. Walaghai huimwagia kofia chumvi au tindikali ili ionekane kongwe, lakini kutu yao huenea hata mahali palipofunikwa na bitana. Skrubu ya kileleni nayo husema: ikiwa ina mikwaruzo inayong'aa, basi mtu ameifungua karibuni, na huenda bitana hiyo si yake. Mtu akishika msasa, habari hizo zote hupotea.

Mwaka jana familia ya mke wangu ilikuwa ikitayarisha ibada ya kumkumbuka marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi katika vita dhidi ya Waitaliano kule Uhabeshi mwaka 1941. Kofia yake ilikuwa stoo, imejaa misumari. Shemeji yangu alikwisha kununua brashi ya waya na kopo la rangi nyeusi. Isitoshe, alikuwa ameona matundu matatu kwenye ukingo wa nyuma, akapatana na fundi wa kuchomelea ayazibe.

Nilimwomba niitazame kwanza. Matundu hayo hayakuwa ya risasi wala ya kutu, bali yalipangwa sawasawa. Kofia zilizotengenezwa Afrika Kusini zilitobolewa hivyo ili kufungia kitambaa cha kukinga shingo dhidi ya jua. Upande wa ndani kulikuwa na herufi U yenye mshale katikati, alama ya serikali ya Muungano wa Afrika Kusini, ambayo majeshi yake yalifika Kenya mwaka 1940. Mzee alizoea kusimulia jinsi alivyowabeba askari hao hadi ng'ambo ya mpaka, na wajukuu wakidhani ni hekaya tu. Sasa walinyamaza.

Hata hivyo, mama mkwe hakuridhika. "Mwanangu," akaniambia, "wageni watakuja. Kweli tutawaonyesha kofia yenye utando wa buibui? Si watasema tumemsahau?"

Nikamjibu, "Utando tutauondoa, mama. Lakini jasho la mzee tuliache."

Aliichukua, akapitisha kidole kwenye ukanda wa kidevuni, uliokuwa umepinda kwa kuvaliwa. Akakaa nayo mapajani kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mwanawe arudishe rangi dukani. Shemeji aliirudisha, japo kwa manung'uniko.

Ewe msomaji, ukipata kofia kama hiyo nyumbani kwenu, ipige picha pande zote kabla ya kuigusa. Ondoa vumbi kwa brashi laini, ikiwa kavu. Usitumie maji, mafuta ya taa wala msasa, na usiilazimishe skrubu iliyoganda. Ihifadhi mahali pakavu, mbali na jua. Chunguza ndani ya bitana na chini ya ukingo, kwani huko ndiko hupatikana mihuri, miaka, na mara nyingine namba ya askari iliyokwaruzwa kwa msumari.

Na iwapo mwenyewe, au mjane wake, bado yu hai, keti naye umwulize. Kutu husema mengi, lakini haisemi alikuwa akiogopa nini alipoivaa.